WANAOHAMA MOJA KWA MOJA NA DENI LA MILIMA YA UPARE

Limezuka katika nchi yetu swali ambalo halifai tena kuachwa lizungumzwe pembeni tu, barazani na katika mabasi. Swali lenyewe ni hili: mwananchi aliyesomeshwa na nchi hii mpaka akawa daktari, muuguzi, mhandisi au fundi stadi, akiamua kufunga mizigo yake na kuhamia nchi nyingine moja kwa moja, asirudi ila kwa likizo na kwa mazishi, je, anatumia haki yake au anakimbia deni? Wako wanaomwita msaliti. Wako pia wanaompongeza na kumtaka awavute wadogo zake. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yamejibu upesi mno. Kabla ya kumhukumu mtu huyo yapasa hesabu ifanywe kwanza: nani alilipa, nani anafaidi, na nani alikuwa wa kwanza kuvunja ahadi.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Same na milima ya Upare. Hatusemi kuwa watu wa huko ndio wanaohama kuliko wengine. Twasema tu kuwa historia yao yaonyesha wazi jinsi elimu ya mtu mmoja inavyotokana na jasho la wengi. Wilaya ya Same, ambayo kwa sensa ya 2022 ilikuwa na watu kiasi cha 300,000, ni nchi ya sura mbili. Chini ni tambarare kavu, penye mkonge, mifugo, na ile reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Juu ni milima yenye mvua na ukungu, inayopanda mpaka kilele cha Shengena, mita 2,462, ambako watu hulima migomba, kahawa, maharage, na tangawizi ya Mamba Miamba inayojulikana nchi nzima. Lakini mlima hauongezeki. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mwisho hubaki vipande visivyoweza kulisha nyumba. Kwa sababu hiyo wazee wa Upare walitambua mapema kuwa shule ni shamba la pili, tena shamba lisilogawanyika.

Wamisheni Waadventista walifika Upare mwaka 1903, na Walutheri nao wakafungua shule zao. Lakini shule haikuendelea kwa wamisheni peke yao. Watu walichimba misingi, wakabeba mawe na mchanga, wakachangia mabati, kwa desturi yao ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake. Kwa desturi hiyo hiyo barabara za milimani hutengenezwa baada ya masika, na mifereji husafishwa. Baadaye, katika miaka ya 1980, wananchi wa mkoa mzima wa Kilimanjaro walipoona kuwa shule za sekondari za Serikali hazitoshi, walijenga nyingine nyingi kwa nguvu na fedha zao. Mtu aliyetoka katika shule hizo asidhani kuwa alisoma kwa akili zake peke yake.

Tena watu wa Upare si watu wa kulipa bila kuuliza. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu yao waliteremka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa mali zao kwa namna wasiyoikubali. Walikaa huko kwa miezi, na wake zao wakashiriki katika mapambano hayo, mpaka wakoloni wakatambua kuwa mlipaji naye ana sauti. Kwa hiyo wajukuu wa watu hao wana haki kamili ya kuuliza leo: mali tuliyoiweka katika vichwa vya watoto wetu imekwenda wapi, na imekadiriwa na nani?

Basi na tufanye hesabu. Kijana wa Upare anayekuwa daktari huanza katika shule ya msingi iliyojengwa na wazazi wake. Huenda sekondari, na mwaka 2016 Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne katika shule zake. Akifaulu huingia Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, au chuo kilichoko KCMC pale Moshi, au chuo kingine, na mara nyingi hulipiwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hujifunza kazi yake kwa miaka mingi, akiongozwa na walimu wanaolipwa na umma, katika vitanda vya wagonjwa ambao wengi ni maskini. Fedha hizo zote hazikushuka na mvua. Zimetoka kwa mkulima anayetozwa ushuru wa tangawizi yake, kwa mkata mkonge anayelipa kodi kila anaponunua sabuni na sukari, na kwa mwalimu anayekatwa mshahara kabla haujafika mkononi. Wengi wa watu hao hawatakanyaga chuo kikuu maisha yao yote. Wamemlipia mwenzao ili siku moja awatibu.

Sasa tutazame hesabu ya upande wa pili. Mwaka 1967 Kanada ilianza kuwachagua wahamiaji kwa alama: alama za elimu, za ufundi, za lugha na za umri. Nchi nyingine tajiri zikaifuata kwa namna zao. Katika utaratibu wa Kanada uliotumika tangu mwaka 2015, mwombaji wa miaka 20 hadi 29 hupata alama zote za umri. Akifikisha 30 zaanza kupungua, na akifika 45 hapati hata moja. Wananchi na wautafakari mpango huo. Nchi hizo hazitaki mtoto, maana mtoto ni gharama. Hazitaki mzee, maana mzee naye ni gharama. Zinamtaka mtu katika miaka ile ile ambayo nchi yake imemaliza kulipa na inatazamia kuvuna. Shamba limepaliwa Upare, mavuno yanaingia ghala la Toronto. Hatusemi kuwa Wakanada ni waovu kwa kufanya hivyo. Kila nchi hutafuta faida ya watu wake. Twasema kuwa sisi nasi twapaswa kutafuta ya watu wetu.

Vijana nao na wajue kuwa mlango wa mwenye nyumba hufunguliwa na hufungwa kwa haja ya mwenye nyumba. Mwezi Februari 2022 Uingereza, ilipopungukiwa na watu wa kutunza wazee, iliwafungulia njia watunzaji kutoka nje. Mwezi Machi 2024 ikawakataza wanaoingia kwa njia hiyo kuja na wake zao, waume zao na watoto wao. Julai 2025 ikaufunga mlango huo kwa wapya wanaotoka ng'ambo. Katika muda usiotimia miaka minne watu wale wale waliitwa, wakatenganishwa na jamaa zao, kisha wakaambiwa basi. Wengine walikuwa wametozwa fedha nyingi na mawakala ambao hawakuwa na haki ya kuwatoza. Wako pia wataalamu ambao vyeti vyao havikutambuliwa huko walikokwenda, mwenye shahada akafanya kazi ya chini ya elimu yake kwa miaka. Msafiri na aende akijua hayo.

Lakini itakuwa ni kujidanganya tukiishia hapo na kuwalaumu watu wa ng'ambo peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2016 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo wao ukachukua siku 100. Mwezi Machi 2017 Serikali yetu ilikubali kupeleka Kenya madaktari 500, kwa sababu walikuwapo waliohitimu na hawakuwa na kazi. Madaktari wa Kenya wakapinga mahakamani, na mpango ukasimama. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akaagiza wale 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo na kutimiza masharti waajiriwe wote hapa nyumbani. Tulifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini swali halikwisha: iliwezekanaje nchi ambayo zahanati zake zinalilia watu iwe na mamia ya madaktari waliokaa bila kazi mpaka jirani alipowataka?

Jibu ni kuwa kumsomesha mtu ni jambo moja na kumwajiri ni jambo jingine. Katika miaka ya 1990, kwa masharti ya wakopeshaji wetu, ajira ya Serikali ilizuiwa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Waliohitimu wakati huo walikuta milango imefungwa, na wataalamu wetu wengi wakatafuta riziki Botswana na nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi kuiwekea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Ni nchi chache zilizotimiza ahadi hiyo. Kwa hiyo muuguzi aliyemaliza chuo, akarudi kwa wazazi wake milimani, akakaa mwaka wa kwanza na wa pili akingoja tangazo la ajira, huku akina mama wa kijiji hicho hicho wakiteremshwa kwa machela kutafuta mkunga, muuguzi huyo akipata kazi ng'ambo tutamwambia nini? Hatuwezi kumwita mtoro mtu ambaye hatukumpa zamu.

Wako wanaotuambia kuwa hakuna hasara, kwani wanaohama hutuma fedha nyumbani. Ni kweli kuwa hutuma, na hatuzidharau fedha hizo. Zimejenga nyumba, zimelipa ada, zimezika wazee kwa heshima. Lakini fedha inayotumwa humfikia ndugu yake aliyetuma. Zahanati ni ya watu wote. Jirani aliyechangia bati la shule, na ambaye hana mtoto ng'ambo, hapati kitu katika bahasha ile. Wala fedha haimzalishi mama saa nane ya usiku. Kwa kazi hiyo anatakiwa mtu, tena mtu aliyefundishwa.

Wengine hutuambia kinyume chake: zuieni hati za kusafiria, wafungeni kwa sheria. Hilo nalo twalikataa. Mtu huru hafungwi kamba kama mbuzi, na daktari anayekaa kwa kulazimishwa hatamtibu mgonjwa kwa moyo. Lakini kukataa kamba si kukataa wajibu. Mwalimu Nyerere alipozungumza na Bunge mwaka 1964 alimfananisha aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Akila na asirejee, amewasaliti. Alisema hayo akijua hali ya nchi yake, kwani kwa maelezo yake mwenyewe Waingereza walipoondoka mwaka 1961 walituachia madaktari 12 na wahandisi wawili. Na Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao karibu 400. Lakini papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hapo pana fundisho ambalo hutajwa mara chache. Anayemtaka msomi ajinyime, na aanze yeye.

Upare wenyewe una mfano wa aliyekwenda na kurudi. Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyo, alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akarejea Dar es Salaam kufundisha historia. Mwaka 1969 ikatoka historia yake ya siasa ya Wapare, na baadaye akaandika habari za mbiru. Ni kwa kazi kama hiyo leo twaweza kulieleza taifa yale yaliyotendeka Same. Yeye alirudi, na kazi ilikuwapo ya kurudia. Mambo hayo mawili huenda pamoja, na moja likikosekana la pili halisimami.

Yako pia makubaliano ya dunia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni juu ya kuajiri wafanyakazi wa afya kutoka nchi nyingine, na katika orodha yake ya mwaka 2023 liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wafanyakazi hao. Uingereza kwa kufuata orodha hiyo imewazuia waajiri wake wasije kusaka wauguzi hapa kwetu. Lakini kanuni haimzuii muuguzi anayeomba mwenyewe, wala haikukusudiwa kumzuia. Ni ua wa kumzuia mwindaji, si ukuta wa kumfungia mtu ndani. Wenzetu wa Kenya wamefuata njia ya mikataba: na Uingereza mwaka 2021 kuhusu wauguzi na wafanyakazi wengine wa afya, na Ujerumani mwezi Septemba 2024 kuhusu wafanyakazi stadi. Mkataba si lazima uwe mwema. Hutegemea kilichoandikwa ndani yake.

Je, yatupasa kufanya nini? Kwanza, waliohitimu waajiriwe kabla hatujawatafutia lawama. Na wakipangiwa milimani wasitupwe huko kama waliofungwa. Muuguzi wa zahanati ya mlimani apewe nyumba isiyovuja, dawa za kufanyia kazi, mshahara usiochelewa, na posho ya mazingira magumu. Wananchi wa Upare hawajaacha msaragambo. Wakiambiwa kuwa wakijenga nyumba Serikali italeta mkunga, watajenga. Wakijenga na mkunga asije, mwaka ujao wasilaumiwe kwa kukataa.

Pili, deni lijulikane, lihesabiwe na lilipwe na wote sawasawa. Leo mwalimu wa Same aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, apende asipende. Mwenziwe aliyehamia ng'ambo anadaiwa vile vile kwa sheria, lakini hakuna mwajiri hapa wa kumkata. Matokeo yake aliyebaki hulipa mpaka senti ya mwisho, na aliyeondoka hulipa akitaka. Hiyo si haki. Anayehama na ahame kwa heshima, akiwa ameandikiana na Bodi jinsi atakavyolipa. Na akilipa, pasiwe na wa kumtukana tena.

Tatu, nchi zinazotaka wataalamu wetu zilipe gharama ya kuwafundisha. Zisilipe kwa maneno ya shukrani. Zilipe kwa vyuo, kwa vifaa na kwa walimu. Ikiwa nchi tajiri yachukua muuguzi mmoja, basi isaidie kufundisha wawili, mmoja aende na mmoja abaki Gonja au Kihurio. Mkataba usiokuwa na sharti la namna hiyo usitiwe sahihi.

Nne, tusimkate kamba aliyekwisha kuhama. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 humwondolea uraia mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine, na kwa sababu hiyo wengi waliona wamekuwa wageni hata katika makaburi ya babu zao. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hilo ni jema, lakini hadhi isiwe ya kununua viwanja tu. Daktari wa upasuaji aliyeko ng'ambo anayeweza kuja mwezi mmoja kila mwaka kufundisha wenzake katika hospitali ya wilaya, na awekewe njia rahisi ya kufanya hivyo.

Watu wa Upare wana hekima ya zamani juu ya mambo haya, nayo ni ndiva. Huko Bangalala na katika vijiji vingine, maji ya kijito hukusanywa usiku katika bwawa dogo lililojengwa na wazee, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Hakuna aliyewahi kuyatukana maji kwa kuteremka. Ni tabia ya maji kuteremka. Kazi ya watu ni kuziba nyufa za ndiva, kusafisha mfereji, na kuhakikisha kuwa kila mwenye zamu anapata. Ndiva ikiachwa ibomoke, maji yatapita usiku kucha wenyewe wakilala, na asubuhi wa kulaumiwa hatakuwa kijito. Na anayeruka zamu ya mwenzake, awe wa juu au wa chini, huulizwa na wote.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu wafanyakazi na wakulima: lipelekeni jambo hili katika vikao vya matawi, vya vyama vya wafanyakazi na vya mabaraza ya vijiji. Waulizeni madiwani na wabunge wenu nafasi ngapi za kazi ziko wazi katika zahanati zenu, na wahitimu wangapi wamekaa bila kazi katika kata zenu. Mkipewa idadi hizo mbili, ziwekeni pamoja mbele ya viongozi, mtake jibu. Nanyi vijana mnaojaza fomu za kuhama, haki yenu ya kwenda hatuipingi. Twawataka tu, kabla ya kutia sahihi, mkumbuke mabati ya ile shule yalichangwa na nani, na mseme wazi mtakavyomlipa. Wazee wenu waliteremka Same mwaka 1945 kudai haki ya mlipaji. Mlipaji wa elimu yenu yungali hai, na wengi wao wangali wakipanda milima ile kwa miguu kwenda kutafuta daktari.